Maswali na Majibu: Kupima mivuke ya hewani na ya majani

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza, Lushoto na Amani. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu atapimaje kampaundi ogania zinazogeuka mvuke kwa urahisi, zile ambazo vifaa huziandika VOC? Kundi hili ni kubwa. Humo mna benzini ya petroli, toluini ya thina, limonini ya ganda la chungwa na yujinoli ya karafuu. Hapa tutaziita mivuke tu. Barua tumezifupisha.

Nimenunua mtandaoni kifaa kidogo cha kupima hewa, kinaonyesha TVOC (jumla ya VOC zote), HCHO na CO2. Nikipaka vanishi, TVOC inapanda mpaka 2,000. Lakini hata chumba cha pili wakifukiza udi, inapanda vilevile. Je, niziamini namba hizi? — Fundi seremala, Ngamiani

Ndugu fundi, kiamini kinapokuambia kwamba hewa imebadilika. Kinapokutajia kiasi, usikiamini.

Ndani ya vifaa vingi vya bei hiyo mna kipande cha oksidi ya bati kinachopashwa joto la mamia ya nyuzi. Oksijeni ya hewani hunata juu yake. Ukifika mvuke wowote unaoweza kuungua, oksijeni ile inaondoka na umeme unapita kwa urahisi zaidi. Basi kifaa kinageuza badiliko hilo kuwa namba. Hakina njia ya kujua mvuke ule umetoka wapi. Udi, spiriti, kitunguu kinachokaangwa, marashi na moshi wa mkaa vyote kwake ni kitu kimoja. Hata unyevu ukibadilika ghafla, kwa mfano mvua ikinyesha madirisha yakiwa wazi, namba inasogea.

HCHO ni formaldehaidi, gesi inayotoka kwenye gundi ya mbao za kubandika. Jaribu hivi: chovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, iweke sentimita 30 kutoka kwenye kifaa. HCHO ikiruka, ujue kihisi hicho hakitofautishi formaldehaidi na pombe. Namba ya CO2 nayo, katika vifaa vya aina hii, mara nyingi haijapimwa: imekokotolewa kutokana na ile ile ya TVOC. Kifaa kinachopima CO2 kwa kweli hutumia mwanga wa infraredi, na karatasi yake husema hivyo.

Hata hivyo usikitupe. Kiache kimewaka saa 24 hadi 48 kabla ya kukitumia. Kiweke mahali pamoja, kimo cha pua yako ukiwa umesimama kazini, mbali na jiko. Andika namba kabla ya kupaka, wakati wa kupaka, na kila nusu saa baadaye. Kisha fungua milango ya pande mbili, urudie kazi ile ile siku nyingine. Hapo unapata jibu la maana kwa karakana yako: hewa inachukua muda gani kurudi ilivyokuwa? Usikiweke karibu na mafundi wa aluminiamu wanaotumia silikoni ya madirisha. Mvuke wake huganda juu ya kihisi na kukiharibu moja kwa moja.

Ukitaka kiasi chenyewe, kipo chombo cha mkononi kinachoitwa PID, chenye taa ya urujuanimno inayovunja molekuli na kuhesabu umeme wake. Taa ya kawaida ni ya 10.6 eV, kipimo cha nishati ya mwanga wake. Husawazishwa kwa gesi ya isobutilini, hivyo kama unajua kwamba hewa yako ina toluini tu, zidisha unachosoma kwa 0.5 hivi. Chombo hiki hakioni methani wala formaldehaidi kwa taa hiyo, na unyevu wa pwani hushusha namba zake. Kisawazishe kwa gesi yake kila asubuhi ya kazi, mahali pale pale utakapopimia.

Na hili hatutaki lisubiri kipimo chochote: barakoa ya kitambaa na ile ya vumbi hazizuii mvuke wa thina hata kidogo. Kinachozuia ni barakoa yenye kichujio cha mkaa cha mivuke ogania. Katika mfumo wa Ulaya huwa na mstari wa kahawia na herufi A. Ukimaliza kazi kifungie kichujio kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwa sababu mkaa ule unaendelea kunasa hata ukining'inia ukutani. Siku ukisikia harufu ya thina ndani ya barakoa, kichujio kimekwisha.

Nataka kulinganisha mivuke ya majani ya mchungwa mzima na ya mchungwa unaoliwa na viwavi. Chuoni hatuna mashine, lakini tunaweza kupeleka sampuli nje. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Muheza

Anzia kwenye maabara utakayopelekea, kabla hujanunua mrija wa kunasia mivuke hata mmoja. Utahitaji mashine ya GC-MS, inayotenganisha mivuke na kuutambua mmoja mmoja, iliyounganishwa na kifaa cha kufukuza mivuke kwa joto, na vifaa hivyo hupokea mirija ya vipimo maalumu. Iliyozoeleka ni ya chuma cha pua, urefu milimita 89, kipenyo cha nje milimita 6.4, ndani ina miligramu 200 hivi za Tenax TA, unga unaonasa mivuke. Waulize pia nani anaisafisha. Mrija mpya wa Tenax hupashwa joto la nyuzi 300 hadi 320 kwa saa moja au mbili huku heliamu au naitrojeni safi ikipita ndani, mililita 50 hadi 100 kwa dakika. Usivuke nyuzi 350. Tenax yenyewe huanza kuharibika.

Sasa shambani. Tumia miche iliyo kwenye viriba, yenye kimo kinacholingana, angalau mitano kwa kila kundi. Mti mkubwa una matawi ya jua na ya kivuli, na utapima tofauti ya tawi ukidhani ni tofauti ya kiwavi.

Tawi lifunike kwa mfuko wa kuokea nyama, ule wa poliesta unaovumilia joto la oveni. Soma pakiti: mifuko mingine ya kuokea ni ya nailoni, nayo hutoa kaprolaktamu itakayojaa kwenye matokeo yako. Mfuko wa kawaida wa plastiki haufai kwa namna yoyote. Unanyonya terpeni za jani, yaani mivuke ya harufu ya jamii ya limonini, na kutoa mivuke yake mwenyewe, achilia mbali kwamba mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Mfuko wa poliesta uoke kwanza, mtupu, nyuzi 120 kwa saa 2.

Hewa ya kuingiza inatoka kwenye pampu ya tangi la samaki. Baada ya pampu weka mrija mpana uliojaa mkaa amilifu, halafu ndipo hewa iingie mfukoni. Mpangilio huo una sababu: pampu ina mpira ndani, na harufu ya mpira lazima ikutane na mkaa kabla haijafika kwenye jani. Mkaa huo huo unaondoa ozoni ya hewani, ambayo ingekula terpeni kabla hujazinasa. Bila hivyo, kariofilini, mojawapo ya terpeni hizo, ikikutana na ozoni ya sehemu 30 kwa bilioni hudumu dakika 2 tu hivi. Mabomba yawe ya Teflon. Silikoni na mpira visiwepo popote kati ya mkaa na mrija wa kunasia.

Funga mdomo wa mfuko kwenye shina, baada ya kulizungushia utepe mweupe wa fundi bomba mara kadhaa. Utepe huo ni Teflon, hautoi harufu, na unaziba bila kulibana gome mpaka likachubuka. Ingiza lita 1 kwa dakika, vuta kupitia mrija wa kunasia mililita 200 tu kwa dakika. Hewa inayobaki itatoka yenyewe pembeni mwa fundo. Mfuko ukae umevimba kidogo muda wote. Ukiuona umenywea, pampu ya kuvuta imeizidi ya kuingiza na sasa unapima hewa ya shamba zima.

Jambo linaloharibu majaribio mengi ya majani ni mikono. Jani likikunjwa au kuchubuliwa hutoa heksenali ndani ya sekunde, ile harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa, halafu heksenoli na asetati yake. Ukipima mara tu baada ya kufunika, utaandika kwamba mchungwa mzima unatoa mivuke ya jeraha, na jeraha umelitia wewe. Funika jioni, hewa ipite usiku kucha, upime kesho yake. Usipoweza, subiri saa 3 angalau. Mfuko wa lita 5 kwa hewa ya lita 1 kwa dakika hubadilisha hewa yake kila dakika 5, kwa hiyo dakika 15 zinatosha kufikia asilimia 95 ya hali tulivu. Lakini hiyo ni hesabu ya hewa. Jani lenyewe linachelewa zaidi.

Viwavi wa mchungwa wa kwetu, wale wanaokuja kuwa kipepeo Papilio demodocus, wana tabia inayoweza kukupotosha kabisa. Wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, wakubwa ni wa kijani. Ukimgusa, anachomoza nyuma ya kichwa pembe laini yenye panda mbili, na pembe hiyo inatoa harufu kali. Kwa kiwavi mkubwa, sehemu kubwa ya harufu hiyo ni asidi za isobutiriki na 2-methilibutiriki. Hizo si za mchungwa. Kinyesi chao nacho kinatoa terpeni za majani yaliyosagwa. Kwa hiyo waache wale kwa saa 24, waondoe polepole kwa kukata kipande kidogo cha jani walilokalia, futa kinyesi kwa brashi laini, ndipo ufunike. Uwe na makundi manne: mche mzima, mche ulioliwa, mche uliotobolewa kwa pini, na mfuko usio na mche. Kundi la pini ndilo litakalokuonyesha kama mche unaitikia mate ya kiwavi au kuvunjika tu kwa jani.

Nasa kwa dakika 20, yaani lita 4. Wakati huo andika joto ndani ya mfuko, si la kivulini. Utoaji wa monoterpeni, zile terpeni nyepesi kama limonini, hupanda kwa kipeo cha 0.09 kwa kila nyuzi moja, yaani kila nyuzi huongeza asilimia 9 hivi juu ya kiasi kilichotangulia. Mfuko uliopigwa jua ukizidi mwenzake kwa nyuzi 5, utatoa asilimia 57 zaidi bila kiwavi yeyote. Tundika chandarua cha kivuli juu ya miche yote, na matokeo yote uyalinganishe kwa nyuzi 30, kama wanavyofanya watafiti wengi. Ukiona matone ya maji mfukoni, ongeza hewa ya kuingiza. Linaloli na alkoholi nyingine huzama kwenye matone hayo.

Mwisho kata majani yaliyokuwa mfukoni, yakaushe kwa nyuzi 60 hadi 70 kwa saa 48, uyapime. Hesabu ni hii. Tuseme hewa inayotoka ina limonini nanogramu 30 kwa lita, na mfuko usio na mche una 2. Tofauti ni 28. Zidisha kwa hewa unayoingiza, lita 1 kwa dakika, kisha dakika 60: nanogramu 1,680 kwa saa, yaani mikrogramu 1.68. Majani makavu yakiwa gramu 4, jibu ni mikrogramu 0.42 kwa gramu kwa saa. Angalia vizuri: unazidisha kwa hewa inayoingia mfukoni, si kwa ile inayopita kwenye mrija wa kunasia. Wengi hukosea hapo.

Matokeo yakirudi, usikubali orodha ya majina iliyotokana na kulinganisha na maktaba ya mashine peke yake. Pinini, sabinini, mirsini, limonini na osimini zote zina uzito wa molekuli 136, na michoro yao inakaribiana kama pacha. Dai pia muda wa kutoka kwenye safu, lile bomba jembamba la mashine linalotenganisha mivuke, uliolinganishwa na wa alkani, na mirija ya kusawazishia iliyotiwa limonini ya kiasi kinachojulikana, kwa mfano nanogramu 10, 50, 100 na 500.

Ukitaka jirani wa kulinganisha naye, soma kuhusu desmodiamu inayopandwa kati ya mahindi. Mivuke yake, osimini ikiwemo, hufukuza nondo wa vipekecha shina na kuwavuta nyigu wanaowaua viwavi wao. Elimu hiyo ilipatikana kwa kufunika mimea na kunasa hewa yake, kama unavyotaka kufanya wewe.

Mirija yetu tuliyopeleka tupu, bila kuvuta hewa yoyote, imerudi na benzini na toluini. Maabara inasema tatizo ni letu, sisi tunasema ni lao. — Fundi sanifu, Muheza

Mnaweza kulimaliza bila ugomvi, mradi muwe na mirija mitupu ya aina tatu. Wa kwanza ubaki maabara, haujatoka kamwe. Wa pili usafiri na wenzake lakini usifunguliwe. Wa tatu usafiri, ufunguliwe kituoni kwa muda wa kuunganisha pampu, ufungwe. Wa kwanza ukiwa mchafu, usafishaji haukutosha. Wa kwanza ukiwa safi na wa pili mchafu, ni safari au vifuniko. Wa tatu peke yake ukiwa mchafu, tazameni mikono na mahali mnapofungulia. Kwa kila sampuli 10 tumieni mrija mtupu mmoja wa kituoni, na isipungue miwili hata sampuli zikiwa 5. Tunajua inauma kutoa fedha kwa mrija ambao haukupimia kitu. Lakini bila mirija hiyo hakuna namba yoyote katika ripoti inayoweza kutetewa.

Kwa maelezo yenu, sisi tungeanza na vifuniko. Viwe vya shaba nyeupe au chuma vyenye pete za Teflon ndani. Vya plastiki vya rangi ni vya kuziba mrija ukiwa mezani, si vya safari. Kaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha robo mzunguko kwa spana mbili. Weka kwenye friji la nyuzi 4, na baada ya saa moja kaza tena. Hatua hii ya pili husahauliwa sana: Teflon hunywea kwa baridi kuliko chuma, na kifuniko kilichokuwa kimekaza kinalegea kikiwa ndani ya friji. Ukiutoa mrija, uache upate joto la chumba kabla ya kuufungua, la sivyo unyevu wa hewa yetu utaganda ndani yake.

Halafu safari. Buti la basi ni mahali pabaya kwa mirija: jenereta, dumu lililowahi kutiwa petroli, kopo la rangi la abiria mwingine. Panda nayo juu, ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, pamoja na kifuko cha mkaa amilifu. Friji ya mirija isiwe ile ya vimumunyisho vya maabara. Aliyejaza mafuta pikipiki asishike mirija bila kunawa na kubadilisha glavu, na vitakasa mikono vya spiriti vikae mbali. Usiandike kwa kalamu ya wino mzito wala kubandika lebo ya gundi. Kila mrija una namba iliyochongwa, andika hiyo daftarini.

Mkiona benzaldehaidi na asetofenoni, hilo ni jambo jingine. Ozoni imeshambulia Tenax. Mkipima hewa ya wazi wekeni mbele ya mrija kichujio kilicholowekwa sodiamu thayosalfeti kisha kukaushwa, au bomba la shaba lililopakwa potasiamu ayodaidi ndani. Ayodaidi ikishageuka kahawia kwa wingi, ibadilisheni.

Tunapima isoprini ya mikaratusi. Vitabu vinasema inatoa nyingi, sisi hatupati kitu. — Lushoto

Mnatumia Tenax peke yake, bila shaka. Isoprini ina kaboni 5 tu na huchemka kwa nyuzi 34. Inapita kwenye Tenax na kutokea upande wa pili kabla hamjamaliza kuvuta. Hakikisheni kwa kuunganisha mirija miwili kwa mfuatano. Wa nyuma ukiwa na zaidi ya asilimia 5 ya jumla, mvuke unapenya. Dawa yake ni mrija wa tabaka mbili: Tenax mbele, kaboni yenye nguvu zaidi nyuma, na kuvuta lita 1 badala ya 4. Fuateni mshale ulio kwenye mrija. Ukiuvuta kinyume, mivuke mizito inanasa kwenye kaboni kali na haitoki tena hata kwa joto la mashine. Nyingi za kaboni hizo, tofauti na Tenax, hupenda maji, kwa hiyo asubuhi ya ukungu wa Lushoto si wakati wake.

Sababu ya pili ni saa. Mkaratusi hauna ghala la isoprini: unaitengeneza kwa mwanga na kuitoa papo hapo, jua likizama inakoma. Monoterpeni zake ndizo zinazokaa kwenye vifuko vya mafuta vya jani na kuvuja hata usiku. Pimeni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na muandike kiasi cha mwanga. Angalieni pia kwamba pampu yenye kumbukumbu huandika saa 8 mchana kuwa 14:00, na nyingine zimeachwa kwenye saa ya Greenwich, ambako muda ule ule ni 11:00. Daftari likiandikwa kwa saa zetu na pampu kwa zake, sampuli ya adhuhuri inaweza kusomwa kama ya alfajiri. Chagueni mfumo mmoja na muuandike juu ya kila ukurasa.

Tawi lililokatwa na kuletwa ofisini halifai kwa monoterpeni, maana jeraha linazimwaga. Kwa isoprini linaweza kuvumilika kwa muda mfupi, mkilikata mara ya pili ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye mishipa yake.

Nyumba yetu iko karibu na kituo cha mafuta. Tunaweza kujua benzini ni kiasi gani bila pampu wala umeme? — Msomaji, Chumbageni

Mnaweza. Ipo mirija inayonasa bila pampu. Mivuke huingia yenyewe taratibu kwa kutawanyika. Mrija wenye kaboni ya grafaiti hupokea benzini kama ya mililita 0.6 za hewa kwa dakika. Chukueni namba kamili kwenye karatasi ya mtengenezaji kwa aina yenu ya unga na kwa muda mtakaouacha. Wiki moja ina dakika 10,080, kwa hiyo ni sawa na lita 6.05. Maabara ikikuta nanogramu 18 baada ya kutoa za mrija mtupu, hewa yenu ina wastani wa mikrogramu 3 kwa mita ya ujazo, yaani karibu sehemu 0.9 kwa bilioni.

Tundikeni miwili pamoja, mdomo ukitazama chini, kimo cha mita 1.5 hadi 3, chini ya bati dogo la kukinga mvua. Isiwe karibu na jiko la kuni, bodaboda zinapoegeshwa, wala mahali pa kuvutia sigara. Vyote hivyo vina benzini. Wekeni jozi nyingine upande wa pili wa kituo. Mchana upepo unatoka baharini, usiku na alfajiri umande unavuma kutoka bara, na kusi na kaskazi hubadilisha hali kwa misimu. Jozi moja, upande mmoja, wiki moja, inaeleza upepo wa wiki hiyo tu. Rudieni angalau mara moja katika kila msimu.

Mkishapata namba: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha benzini kilicho salama, na mikrogramu 1.7 kwa mita ya ujazo kwa maisha yote inakadiriwa kuongeza mgonjwa mmoja wa saratani ya damu katika watu 100,000. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha 5 kwa wastani wa mwaka. Omba maabara ikupe toluini pia. Ikizidi benzini mara nyingi mno, mtazame jirani anayepaka rangi kabla ya kukilaumu kituo.

Mnunuzi wa mdalasini ameniambia atapima ubora kwa kifaa cha kunusa majani shambani. Ni kweli kinawezekana? — Mkulima, Amani

Hapana, mama. Kinachotoka jani likiwa zima mtini ni kidogo sana ukilinganisha na mafuta yaliyofungiwa ndani, na kinapanda na kushuka kwa joto la saa ile. Mafuta hupimwa kwa kuyachemsha: gramu 100 za majani yaliyokatwakatwa, maji nusu lita, chombo cha Clevenger kinachokusanya mafuta yanayotoka na mvuke, saa 3 za kuchemka, kisha unasoma mililita za mafuta kwenye bomba lake lenye alama. Ya majani ni zaidi yujinoli, ya gome ni zaidi sinamaldehaidi, na bei zake hazifanani. Mafuta ya majani ya mdalasini ni mazito kuliko maji na huzama, kwa hiyo hakikisha bomba la chombo ni lile la mafuta mazito. La mafuta mepesi litayarudisha kwenye chungu na utaambiwa majani yako hayana kitu. Majani yakatwe siku hiyo hiyo ya kuchemsha, na wewe uwepo yanapopimwa uzito.